Nageti za kuku za oveni, Leicester na Wete

Kila tukirudi kwetu Wete, Pemba, likizo ya watoto, wanangu wakishamaliza kuamkia wakubwa wanaingia jikoni kwa wifi yangu kuangalia kama ile oveni bado inafanya kazi. Wamezaliwa Uingereza, lakini pweza wa nazi wanakula, mseto wanakula, na ubuyu wanaugombania. Juu ya vyote hivyo wanataka nageti za kuku, na mimi za pakiti sitaki wazile, huko wala huku. Basi nazipika mwenyewe, za kuoka, na kwa kuwa wengi mmeniuliza vipi zinakauka mpaka zinalia mdomoni bila ya kuzama kwenye mafuta, leo naeleza yote.

Kwangu lilianza na suala la halali. Aliyeko Wete halimsumbui kichwa, kuku anachinjwa uani na anamuona aliyemchinja. Leicester, Uingereza, tunakokaa, tuna bahati, bucha za Waislamu ziko tele, lakini nembo ya halali kwenye boksi haina maana moja. Kuna jumuiya mbili zinazothibitisha halali: HMC hawakubali kuku apigwe umeme wa kumzimisha kabla ya kuchinjwa. HFA wanakubali kwa sharti kuwa umeme wenyewe usimuue. Mtu ametoka kazini, watoto wana njaa, halafu asimame mbele ya friza la duka akisoma maandishi madogo! Nikinunua kidari kwa mchinjaji ninayemjua, nimemaliza. Halafu igeuze hiyo pakiti usome nyuma: mara nyingi utakuta maji, wanga, na hata ngozi iliyosagwa pamoja na nyama.

Na hilo lina historia yake. Robert C. Baker, mtaalamu wa vyakula wa Chuo Kikuu cha Cornell kule New York, alitengeneza vijiti vya kuku vya namna hii mwaka 1963, na ujuzi wake akautoa bure bila ya kuuwekea hatimiliki. McDonald's walizisambaza za kwao Marekani nzima mwaka 1983. Namheshimu mzee yule, lakini yeye alikuwa akitafuta vipi nyama ya kusaga itashikana, na vipi ganda lisibanduke likigandishwa kisha likakaangwa. Hizo ni shida za kiwanda. Mimi nyama yangu siisagi kabisa. Nakata kidari vipande vya kiasi cha sentimita tatu, mtoto akiuma aone nyuzi za kuku.

Kwa nusu kilo ya kidari, natia vijiko vitatu vya mtindi, thomu (kitunguu saumu) iliyopondwa, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga na ndimu kidogo. Nakaza hapo: kidogo. Ndimu ikizidi na kuku akilala nayo usiku kucha, nyama inakuwa unga unga. Saa moja au mbili zinatosha. Wataalamu wa Uingereza wanakataza kumwosha kuku mbichi kwa sababu maji yanarusha vijidudu jikoni kote, lakini mama yangu kuku asiyeoshwa kwa ndimu na chumvi hamli, wala sitabishana naye. Akishaoshwa, namfuta kwa karatasi mpaka akauke, ndipo natia viungo. Maji ndiyo adui wa ganda.

Sasa tuje kwenye boflo, yaani mkate wa kutolea chenga za ganda, maana hapo ndipo penye kazi yote. Sisi tuliokulia kwenye katlesi, kuchovya kitu kwenye yai hatufundishwi na mtu. Lakini katlesi inaingia kwenye mafuta ya moto, na mafuta yanalipa ganda rangi kwa dakika mbili tatu. Hewa ya oveni ni taratibu. Ukipaka chenga nyeupe ukaziingiza vile vile, utangoja rangi mpaka kuku ndani amekauka, na ganda bado limepauka. Kwa hivyo chenga zinapata rangi kwanza, peke yake. Nachukua boflo la juzi lililokwisha kukauka, nalikwaruza kwa mkono lisiwe unga, libaki na vipande vipande. Vikombe viwili vya chenga nazitia kwenye kikaango na vijiko vitatu vya mafuta, moto mdogo, nakoroga bila ya kuondoka. Mwanzo zinanyonya mafuta na kugandana. Baadaye zinaachana, na mwiko ukipita unasikia zinakwaruza chini ya kikaango. Hapo harufu imeshafika ukumbini. Zikiwa kahawia naziepua na kuzimwaga kwenye sahani pana, maana zikibaki kwenye kikaango zinaendelea kuungua.

Halafu kila kipande kinapita kwenye unga wa ngano, kinakung'utwa, kinachovywa kwenye yai lililopigwa, kisha kinakandamizwa kwenye chenga kwa kiganja. Oveni iwe imeshafika nyuzi 220 za Selsiasi. Nazipanga juu ya waya wa kupozea keki, na waya juu ya treya, ili moto upite na chini pia; zikilala kwenye treya tupu upande wa chini unarowa. Dakika 15 hadi 18, nageuza mara moja katikati. Mwenye kipimo cha joto cha kuchoma kwenye nyama, ndani ifike nyuzi 74. Asiye nacho apasue kipande kikubwa kuliko vyote, asione uwekundu wala maji ya rangi.

Mara ya mwanzo nilipozitoa Wete, mama alikishika kimoja, akakigeuza geuza. "Mwanangu, huyu hajakaangwa, rangi kaipata wapi?" Nikamuonesha kikaango cha chenga. Akala, akamwambia wifi yangu azitie kwenye futari ya Ramadhani, na kwa mama hiyo ndiyo shahada.

Wifi oveni yake ni ya gesi. Waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010 tuliachana na kutegemea majenereta, lakini oveni ya umeme inakula uniti, na si kila nyumba inaweza. Wasio na oveni wananiuliza kuhusu moto wa juu na chini, kama wa mkate wa kumimina. Inawezekana, ila mkate unataka mvuke ubaki ndani na nageti zinataka utoke. Inua mfuniko kwa kijiti pembeni, makaa ya juu yazidi ya chini, na usipange nyingi kwa pamoja. Hazitakuwa sawa na za oveni, lakini chenga zako zilishakauka kabla, kwa hivyo bado zitalia.

Walioko ughaibuni, tengenezeni nyingi siku ya mapumziko. Zigandisheni mbichi, zimepangwa kwenye treya zisigusane, kisha zitieni kwenye mfuko. Siku ya skuli zinatoka friza moja kwa moja hadi oveni, mnaongeza dakika tano au saba, wala hamngoji ziyeyuke. Kwangu zinaliwa na chatne ya ukwaju, na wanangu ketchapu hawaiulizii tena.