Uzamili wa tiba ya mionzi Uingereza: ya kuweka sawa ukiwa bado Dar

Kwanza jua unaingia kwa mlango upi. Daktari anayetaka ubingwa wa saratani halazimiki kupanda ndege. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wanafundisha MMed (uzamili wa udaktari) ya onkolojia hapo hapo Dar. Kozi ya huku Uingereza ya mwaka mmoja, krediti 180, inamfaa zaidi mwanafizikia au mtaalamu wa mionzi. Wala haikupi leseni: kuajiriwa huku kama mwanafizikia wa tiba ni mpaka usajiliwe na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na shahada peke yake haitoshi. Wengi hulijua hilo ada ikishalipwa.

Makaratasi sasa. Kama unajilipia, hela ya ada na ya kujikimu ikae benki siku 28 mfululizo, isishuke chini ya kiwango hata siku moja. Mjomba akikuingizia wiki moja kabla ya kuomba viza, amechelewa. Cheti cha kifua kikuu hutolewa na kliniki iliyoidhinishwa tu na hudumu miezi 6, kwa hiyo usikiwahi mno. Mke, mume au watoto usiwaweke kwenye mipango: tangu Januari 2024 kozi hizi haziruhusu wategemezi.

Darasani, kinachosumbua ni hesabu kuliko Kiingereza. Nguvu ya kobalti-60, chanzo cha mionzi cha baadhi ya mashine, hupungua nusu kila miaka 5.27, karibu asilimia 1 kwa mwezi. Mgonjwa aliyelala chini ya mashine dakika 2 chanzo kikiwa kipya, baada ya miaka hiyo 5.27 atalala 4. Asiyesahihisha muda anatoa dozi pungufu bila kujua.

Ila jambo la kulishika kwelikweli ni joto. Mashine hupimwa kwa chemba ya ayoni (kifaa chenye hewa ndani, kinachopima ayoni zinazozalishwa na mionzi) iliyozamishwa sentimita 10 ndani ya tangi la maji, na hali ya rejea ni nyuzi 20 na shinikizo la hewa la kPa 101.3. Maabara za huku hazitoki mbali na nyuzi 20, sahihisho linakuwa dogo, mtu anazoea kulipuuza. Mpeleke huyo kwenye chumba cha Dar kiyoyozi kimezima, maji yana nyuzi 30. Hewa ndani ya chemba imetanuka, ayoni zimepungua, namba inasoma chini. Zidisha kwa 303.15 gawanya kwa 293.15 (nyuzi 30 na 20 kwa kelvini), yaani 1.034. Ukisahau utadhani mashine imedhoofika, utaipandisha, na wagonjwa wote wa kesho watapigwa dozi iliyozidi kwa zaidi ya asilimia 3. Na upime joto la maji yenyewe, si la chumba. Maji yaliyotoka bombani yaache yalale tangini usiku kucha, joto lake litulie.

Tasnifu ina miezi michache tu. Ukitaka takwimu za wagonjwa wa Dar, kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na cha hospitali vianze kushughulikiwa kabla hujaondoka, la sivyo chagua mada ya vipimo vya maji na mahesabu. Silabasi na matokeo yako yatunze. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, watayahitaji kuitambua shahada yako.