Saladi kila wiki ndani ya nyumba, kazi iko kwenye kusia

Wengi wakiniuliza kuhusu haidroponiki ya ndani, yaani kulima bila udongo kwenye maji yenye mbolea, wanaanza na taa gani na pampu gani, na mi nilianza hivyohivyo. Nikanunua vifaa, nikasia mbegu 36 za saladi siku moja, zikaota karibu zote, nikafurahi kweli, halafu baada ya wiki sita zote zikakomaa kwa mpigo. Tukala asubuhi na jioni, tukagawa kwa majirani, zilizobaki zikarefuka shina kutaka kutoa maua, ukivunja jani linatoka utomvu mweupe na ukionja ni chungu hulimezi. Baada ya hapo mwezi na nusu sina hata jani moja.

Sasa nasia mbegu 8 tu kila Jumamosi basi. Kwenye vipande vya sponji vilivyoloweshwa, juujuu kabisa maana mbegu ya saladi inapenda kuona mwanga ndio iote, na pawe na ubaridi kidogo, joto likizidi nyuzi 28 hivi nyingi zinagoma. Wiki mbili zinakaa kwenye trei, halafu nachagua miche 6 yenye nguvu inaingia kwenye ndoo, inakaa wiki nne, inavunwa. Kwa hiyo wakati wowote nina trei yenye rika mbili (rika ni mimea iliyosiwa siku moja) na ndoo nne zenye rika nne, kila ndoo nimeibandika selotepu yenye tarehe ya kusia. Jumamosi nikivuna ndoo naisugua, naweka maji mapya, miche inaingia, mbegu zinasiwa, saa moja nimemaliza.

Kuhusu ndoo tofauti naomba mnisikilize vizuri. Mwanzo nilikua na tangi moja linalozungusha maji kwa mimea yote, nikaona ndio rahisi. Siku moja nainua mche mmoja nakuta mizizi imekua ya kahawia, inateleza, ukiivuta ganda la nje linabaki mkononi na kuna harufu ya tope, maji yalikua yamepata joto la nyuzi 26 na hewa ndani yake imepungua, na kwa kua maji ni yaleyale ugonjwa ukapita kwa rika zote, ndani ya siku chache nikapoteza kazi ya wiki sita nzima. Iliniuma sana. Sa hivi kila ndoo na maji yake, na kijiwe chake cha pampu ya hewa kinachotoa mapovu ndani ya maji, nahakikisha maji yako kati ya nyuzi 18 na 22, na kifuniko hakipitishi mwanga la sivyo mwani unajaa.

Faida nyingine ya ndoo tofauti ni kwamba kila rika nalipa mbolea yake, maana miche haitaki mbolea kali kama mimea mikubwa. Iliyoingia juzi naipa EC (kipimo cha ukali wa mbolea kwenye maji) 0.8, ya wiki ya mwisho 1.4 hivi. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, naishikilia kati ya 5.5 na 6.5, napima mara mbili kwa wiki maana mimea ikinywa naitreti (nitrojeni ya kwenye mbolea) pH inapanda yenyewe. Na mbolea hii inakuja sehemu mbili, A na B, usizikutanishe zikiwa nzito jamani, kalsiamu ya kwenye A inashikana na salfeti na fosfeti za kwenye B inakua unga mweupe chini ya ndoo na mmea haupati kitu, tia A kwenye maji, koroga, ndio B.

Ncha za majani ya katikati zikiungua usikimbilie kuongeza mbolea. Kinachokosekana hapo ni kalsiamu, nayo inapanda na maji yale ambayo jani linayapumua, sasa majani machanga yamejifunga katikati, hewa haizunguki, hayapumui, kwa hiyo hayapati. Mi niliweka feni ndogo inayopuliza juu ya mimea polepole na taa nikapunguza kutoka masaa 18 hadi 16 kwa siku, rika lililofuata likatoka safi.

Wiki mbili zilizopita nilisafiri nikaruka kusia, kwa hiyo leo nimevuna ndoo namba 3 na hakuna mche wa kuingiza. Nimeiosha nimeigeuza ikauke, miche ya Jumamosi ijayo tayari imeota kwenye trei.