Mbuzi asiyekula majani: kutunga shairi kutoka jikoni

Wengi wanaoanza kutunga hapa Tanga hukimbilia mada nzito: dunia, mapenzi, umauti. Ubeti wa pili haujaisha, maneno yamekauka. Dunia haishikiki. Mbuzi ya kukunia nazi inashikika, na imekuja na maneno yake.

Ikalie, ukune nazi nzima. Kabla ya mshororo wa kwanza, yaani mstari wa kwanza wa shairi, andika maneno 20 ya kazi hiyo: kibao, meno, kifuu, machicha, tui la kwanza, tui la pili, kifumbu, kukuna, kukamua. Andika papo hapo, kwa kuwa jioni utakumbuka "nazi" tu na mlio utakuwa umekutoka. Tazama pia kinachoharibika. Ukikuna mpaka kwenye kifuu, ngozi ya kahawia inachanganyika na machicha na tui linapoteza weupe wake. Humo umeshapata mfano wa mtu anayedai mpaka tone la mwisho, nawe hujatoka jikoni.

Sasa ngeli. Kifaa husemwa "mbuzi yangu". Ukisema "mbuzi wangu" umempa uhai wa mnyama, na fumbo limeshaanza:

Mbuzi wangu hana pembe, wala hendi malishoni,
Meno yake kama wembe, yakuna nazi jikoni,
Iwe wali, iwe sembe, tui lijae chunguni,
Mkunaji si mzembe, jasho latoka usoni.

Kila kipande, yaani nusu ya mshororo, kina mizani (silabi) 8, mshororo mzima 16. Hesabu kwa vidole. "Mbuzi" ni mizani mbili, kwa sababu mb hutamkwa pamoja na u. "Mzembe" ni tatu, kwa sababu m inasimama peke yake. Wanaoanza hukosea hapa kuliko popote: wanahesabu herufi badala ya sauti. "Hendi" ni inkisari, yaani ufupisho, wa "haendi". Ukiiandika kamili kipande kinafika mizani 9 na mwimbaji anajikwaa.

Tuseme mshororo wa pili ungeanza "Meno yake ni makali". Mizani ni 8, maana imekaa, lakini kina cha kati, yaani sauti -mbe inayofunga kipande cha kwanza cha kila mshororo, kimevunjika. Usiuonee huruma mshororo wa namna hiyo, hata kama unaupenda.

Kina cha -mbe ni kigumu na ndiyo maana nakipenda: pembe, wembe, sembe, embe, mzembe, kiumbe, ujumbe, na baada ya hapo unaanza kutafuta. Ukitaka beti tano za mtiririko, yaani vina vilevile mwanzo hadi mwisho, na kituo (mshororo wa mwisho wa ubeti) kinachojirudia, unahitaji maneno 15 ya kina cha kati mbali na kituo. Yahesabu kwanza. Yakiwa saba, badili vina kila ubeti, la sivyo utaingiza neno lisilo na kazi na msikilizaji atalitambua mara moja. Kina cha -ni ni kinyume chake: kila neno la mahali linaingia. Ubeti mmoja unapendeza, beti tano zinachosha sikio.

Njia ni ileile nje ya jikoni. Baiskeli iliyofungwa tenga la samaki ikipita barabara za Ngamiani alfajiri ina mnyororo, kengele, spoku, breki na maji ya barafu yanayodondoka nyuma yake. Chagua kimoja. Anayeweka vyote kwenye ubeti mmoja ametengeneza orodha. Kanga nayo inavuta, lakini jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, lishatungwa na mwingine; usiligeuze kituo chako kama lilivyo. Tazama pindo lililofifia pale linapofungwa kila siku.

Shairi likikamilika liimbe, usilisome kimya. Kisha mwimbie mtu anayekuna nazi kila siku. Akisema tui halijai chungu kwa nazi moja, rudi kwenye mshororo wa tatu.