Kimea cha Mama Mkwe

Mwanangu wa kwanza alitimiza miezi sita tukiwa Wete, Pemba, kwa wakwe zangu, msimu wa karafuu. Ua lote lilikuwa majamvi ya karafuu, hata pa kuanika nepi hapana. Kliniki walikuwa wameshaniambia: maziwa ya mama yaendelee, uji uanze, lakini uwe mzito, ukiuteka kwa kijiko usimwagike.

Wifi zangu walicheka. Kwao uji wa mtoto ni wa kunywewa kikombeni. Nami nikaupika kama nilivyoagizwa, wa unga wa mtama usiokobolewa. Mtoto akautema wote, ukamganda kidevuni.

"Hana jino hata moja, nawe wampa ugali," mama mkwe akasema. Hakuongeza neno. Akaingia ghalani akatoka na mtama mweupe wa Micheweni. Mwekundu aliuacha, ule una uchungu, mtoto ataukataa.

Sehemu kubwa tuliichambua, tukaiosha, tukaianika, tukaikaanga kidogo mpaka ikanukia, kisha nikaipeleka mashineni. Kiasi kidogo alikiroweka usiku kucha, akakichuja, akakifunga kwa kitambaa kibichi na kukiweka pembeni gizani, akikinyunyizia maji asubuhi na jioni. Zikachomoza ncha nyeupe. Hapo ndipo shida ya jua ilipoanza, maana mawingu ya vuli yalikuwa yakija na kuondoka, na kila jamvi lina karafuu. Alimtimua mtoto wa jirani kwenye mkeka aliokuwa akichezea, akautandika mbali kabisa na karafuu. "Unga unashika harufu kama nguo," alisema, na mimi niliyekuwa nikilala nikinukia karafuu nilimwamini.

Mtama uliochipua ulipokauka kau, aliufikicha kwa viganja juu ya ungo, akapepeta vichipukizi vyote vikaenda na upepo. Kwa hilo hakutaka mzaha: vichipukizi vya mtama vina sumu, havimfai mtoto. Punje zilizobaki tukazitwanga kinuni na kuzichekecha. Huo ndio unga wa kimea.

Jioni akaweka sufuria juu ya seredani. Unga wa kawaida aliukoroga kwanza na maji baridi, akaumimina kwenye maji ya moto, akaupika muda mrefu kuliko nilivyozoea, kwa sababu unga wenye maganda hauivi upesi. Akatia tui la nazi. Chumvi hakutia, sukari hakutia. Uji ukawa mzito hata mwiko ukasimama wenyewe. Nikamtazama. Akaepua, akangoja mvuke upungue, akachota kimea nusu kijiko cha chai, akakoroga.

Mwiko ulianza kuinama. Kisha ukalala ubavuni mwa sufuria. Uji ule ule, bila tone la maji kuongezwa, ukalegea mbele ya macho yangu mpaka ukawa unatiririka. Nafaka inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga, na uji ukiwa unatokota vimeng'enya hivyo huharibika. Yeye alisema tu, "Ukitia unachemka, haushiki." Akaurudisha motoni ukachemka tena, ukapoa, mtoto akaunywa mpaka akashika ukingo wa kikombe kwa mikono miwili.

Kliniki hawakukosea. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi wa wifi zangu ulikuwa maji mengi na chakula kidogo. Ila agizo la kijiko lilinifundisha kupima uzito wa uji, halikunifundisha namna ya kumfanya mtoto aumeze.

Nilipokwenda tena kumpima uzito, mama mkwe alifuatana nami. Muuguzi akauliza mtoto anakula nini, nikamweleza, akaweka kalamu chini. Alitaka kujua kimea hicho kinapatikana wapi, naye ana mtoto mdogo nyumbani.

"Njoo na mtama wako," mama mkwe akamwambia. "Na mkeka. Mikeka yangu yote ina karafuu."