Mota iliyoungua mara mbili na chupa ya kauri

Ninasuka mota kwa mwaka wa 19 sasa. Mota ya pampu ya kilovolti 6.6 niliyoikabidhi kiwanda kimoja ilirudi karakanani baada ya wiki tatu. Nilipoifungua nilikuta koili zote nzima isipokuwa ya kwanza kutoka kwenye taminali, nayo insulesheni, yaani kizuizi cha umeme, ilikuwa imetoboka kati ya mzunguko mmoja wa waya na mwingine. Upande wa chuma haukuguswa. Nikaisuka upya. Ikaungua tena, koili ileile. Maneno yakaanza kwamba fundi anabana insulesheni. Yaliniuma, kwa sababu nafunga kila mzunguko kwa mkono wangu.

Kilichobadilika pale ni kimoja: breka ya mafuta, yaani swichi kubwa inayokata umeme wa mota, ilitolewa, ikawekwa ya ombwe, ambayo hukata umeme ndani ya chupa isiyo na hewa. Mhandisi wao, dada mwenye subira, akaniambia, "Fundi, kabla hawajakuhukumu, itazame hii," akanipa chupa chakavu ya breka kama hiyo. Nikaikata mfuniko kwa grainda. Ndani ya kauri mlikuwa na visahani viwili vya shaba iliyochanganywa na kromiamu, vimechanjwa mistari ya mzunguko kama konokono, mvukuto mwembamba wa chuma unaokiruhusu kimoja kisogee bila hewa kuingia, na ngao iliyopakwa ukungu wa shaba. Breka ikifunguka, visahani huachana kwa milimita chache tu.

Swali langu lilikuwa hili: pasipo hewa, tao la umeme, yaani ule moto unaoruka kati ya visahani, linawaka kwa kitu gani? Linawaka kwa shaba yenyewe. Visahani vinapoachana, ncha ya mwisho inayogusana hubeba mkondo wote, inayeyuka, inachemka, na mvuke wake ndio unaopitisha umeme. Kwenye kisahani hasi huzuka madoa madogo sana yenye joto kali, kila moja likibeba takriban ampea 100, nayo hukimbiana na kutawanyika. Volti ya tao hilo ni kama 20 tu, ndiyo maana visahani haviliki haraka. Mkondo wa hitilafu ukipita takriban kiloampea 10, madoa hukusanyika kuwa nguzo moja inayoweza kuyeyusha uso mzima. Ile mistari ya konokono ipo ili uga wa sumaku uizungushe nguzo hiyo isitulie mahali pamoja.

Kwa umeme wetu wa hezi 50, mkondo hupita sifuri kila milisekunde 10. Hapo madoa hufa, mvuke huganda kwenye visahani na ngao, na ndani ya maikrosekunde chache ombwe huwa tayari kuizuia volti. Ni uzuri wa ajabu, na sitaki mtu adhani nailaumu teknolojia hii. Breka za mafuta nimeziona zikivuja na kuhitaji kubadilishwa mafuta mara kwa mara, siwezi kuzililia.

Balaa lilikuwa kwenye doa la mwisho. Mkondo ukishuka, madoa hupungua hadi kubaki moja, nalo haliwezi kuishi chini ya ampea chache. Kwa shaba na kromiamu hufa ghafla kwenye ampea 3 hadi 5, kabla ya sifuri. Nishati iliyobaki kwenye koili za mota huhamia kwenye kapasitansi ndogo ya waya, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji, na kupandisha volti. Chukua ampea 4 na impidansi (ukinzani kwa wimbi hilo) ya ohmu 3,000: ni volti 12,000 juu ya mota ya 6,600. Mbaya zaidi, mota ikizimwa ingali inaanza kuzunguka na pengo likiwa bado dogo, tao huwaka tena, ombwe hulizima, huwaka, huzimwa, na kila mara wimbi kali huingia kwenye mota. Wimbi la haraka namna hiyo haligawanyiki sawasawa. Sehemu kubwa huangukia koili ya kwanza.

Nikamwonyesha dada yule tundu. Akanyamaza kidogo, kisha akaenda kwenye daftari la opereta: mota ilikuwa ikizimwa ikiwa bado inaanza, mara kadhaa kwa siku, kwa sababu ya swichi ya presha iliyowekwa vibaya.

Wakairekebisha swichi ile. Kwenye taminali za mota wakafunga kapasita zenye resista za kulainisha wimbi, pamoja na vizuia mawimbi vya kuibana volti isipande mno. Niliisuka mara ya tatu bila malipo ya kazi, kwa shaba ileile na insulesheni ileile. Ina miezi 14 sasa inasukuma maji.