Usiku Tulipoinamisha Leza

Watu wakisikia kwamba laida, chombo cha kupimia vitu vya mbali kwa nuru, hurusha leza mawinguni, huuliza kwanza wingu liko umbali gani. Hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Nuru ikikawia mikrosekunde 60 kwenda na kurudi, wingu liko kilomita 9 juu. Kompyuta inahesabu yenyewe. Kilichonifunga kwenye kazi hii ni jambo jingine, nililoliona usiku mmoja nikiwa mwanafunzi wa uzamili.

Juu yetu palikuwa na sirasi, mawingu ya barafu membamba kiasi kwamba nyota zilionekana kupitia humo. Leza yetu ya kijani, ya nanomita 532, ilipiga wima. Mwenzangu alikuwa nje akichunga ndege, kidole kwenye swichi ya kuzimia, maana mwale ule ni hatari kwa macho ya rubani. Mimi nilikaa mbele ya skrini yenye mistari miwili: mmoja wa nuru iliyorudi na polarisheni (mwelekeo wa mtetemo wa nuru) ileile tuliyoituma, mwingine wa nuru iliyorudi imegeuzwa.

Tone la maji ni duara, na nuru inayorudi moja kwa moja kutoka kwake haigeuki. Fuwele ya barafu ina pembe na nyuso nyingi. Nuru huingia, hugongagonga ndani, hutoka imegeuka. Ukigawanya iliyogeuzwa kwa isiyogeuzwa, katika sirasi mara nyingi unapata kati ya 0.3 na 0.5. Ndivyo tulivyokuwa tukiona tangu jioni. Halafu, kwenye kitako cha wingu, karibu na kilomita 8, likatokea tabaka jembamba linalong'aa kupita yote, na uwiano wake ukaporomoka hadi karibu na sifuri.

Alama hiyo kwa kawaida ni ya maji. Puto la hali ya hewa lilikuwa limepima nyuzi hasi 18 kwenye kimo hicho, na matone yaliyokosa chembe ya kuanzishia barafu huweza kubaki maji hadi karibu nyuzi hasi 38. Nikamwita mwalimu wetu. Akatazama kimya, kisha akagusa skrini juu kidogo ya tabaka lile.

"Hapa unaona nini?"

"Wingu, Mwalimu. Bado linaonekana vizuri."

"Maji yanayong'aa hivi yangeiachia leza ifike huko?"

Yangeimeza karibu yote. Lakini palikuwa na maelezo ya pili. Kati ya nyuzi hasi 10 na hasi 20 hivi, fuwele nyingi hukua zikiwa bapa, zenye pembe sita. Zinapoanguka, hewa huzilaza, uso mpana ukitazama chini. Leza ya wima hukutana na vioo vidogo visivyohesabika, vyote vimelala, na hurudishwa na uso wenyewe bila kugongagonga ndani. Ndiyo maana haigeuki, na ndiyo maana inarudi kwa wingi.

Namna ya kuamua ilikuwa moja. Tone ni lilelile ukilipiga kwa pembe yoyote; kioo ukikipiga kwa mshazari, nuru inakwenda kwingine. Wataalamu wa CALIPSO, setilaiti ya Marekani na Ufaransa iliyorushwa 2006, walikuwa wamekutana na jambo hilihili. Leza yao ilikuwa imeinama digrii 0.3 tu kutoka wima, na Novemba 2007 wakaifikisha digrii 3. Mwalimu alitaka digrii hizohizo.

Tukazima leza, tukalegeza skrubu za fremu, tukainua upande mmoja huku mwenzangu akisoma pimamaji kwa tochi. Niliogopa tabaka lingepita kabla hatujamaliza. Tulipowasha, ule mng'ao haukuwapo. Kimo kilekile, nuru hafifu, na uwiano umepanda hadi ule wa barafu. Tukarudisha wima, tabaka likawaka tena. Tukainamisha, likafifia. Mwalimu akacheka kwa furaha na kutushika mabega.

Sijazoea jambo hili mpaka leo: tukiwa ardhini, gizani, tulijua jinsi vipande vya barafu visivyofika milimita moja vilivyolala kilomita 8 juu yetu. Tena si jambo la kustaajabia tu. Sirasi nyembamba hupitisha jua na kuzuia joto la ardhi lisitoroke. Tabaka nene la maji hurudisha jua kwa wingi. Ukiita barafu maji, hesabu nzima ya joto la anga inapotoka.

Nilikuwa nimepanga kuandika tasnifu kuhusu vimo vya vilele vya mawingu. Nikaomba kubadilisha mada, pamoja na fremu yenye mota, ili niinamishe leza kidogo kidogo na kupima nguvu ya nuru inayorudi kila hatua. Mng'ao ukipotea haraka, fuwele zimetulia. Ukipungua taratibu, zinayumba zinavyoanguka.