Cheti kwenye bahasha ya kaki

Kuna maneno nayasikia sana, eti mwanamke akisoma akawa na mshahara wake basi ndoa haidumu. Mi naona watu wanageuza mambo. Kazi haivunji ndoa, kazi inampa nauli yule aliyekuwa anateseka kimya kimya, sasa siku akiondoka ndo mnaona, mnasema kosa ni la mshahara.

Dada yangu aliacha uhasibu alipojifungua wa pili, mume alisema mshahara mmoja unatosha. Miaka 11. Walipoachana nikamkuta amekaa kitandani, ametoa cheti kwenye bahasha ya kaki, anakinyoosha mikunjo kwa kiganja, akaniuliza, "Hivi hiki bado kina kazi?" Sikuwa na jibu, maana kila tangazo linataka uzoefu wa karibuni. Na kwenye mgawanyo wa mali swali la kwanza la wakili wa mume likawa wewe ulichangia nini. Hana risiti. Nani anaweka risiti ya kukesha na mtoto mwenye homa?

Kinachoniuma zaidi, sheria zenyewe ndo zilianza kuwatoa wanawake kazini. Ufaransa mpaka 1965 mume aliweza kumzuia mkewe asifanye kazi, Ayalandi mtumishi wa serikali akiolewa ilibidi aache kazi mpaka 1973, Hispania ruhusa ya mume ilifutwa 1975 na talaka ikaja kuruhusiwa tena 1981. Yaani unazuiwa kuchuma halafu mkiachana unaulizwa ulichuma nini!

Ndo maana nashukuru kuna majaji walioliona hilo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Uingereza nako mwaka 2000, kesi ya White, ikasemwa mleta pesa asipendelewe dhidi ya mlea nyumba. Ila kesi inachukua muda jamani, na kodi ya nyumba haisubiri hukumu. Kwa hiyo wadogo zangu mnaoolewa, hata kazi ya nusu siku msiiachie, na vyeti mviweke mnapopajua wenyewe.

Dada ameanza kozi ya programu za uhasibu, Jumanne na Alhamisi jioni. Kaniomba nikae na watoto siku hizo, nimeshamwambia bosi wangu natoka mapema.